Rangi Isiyomo kwenye Orodha

Agizo la rangi ya pekee ni ombi la mnunuzi anayetaka gari lake litoke kiwandani na rangi isiyomo kwenye orodha ya mwaka huo. Kwa aliye nje ya kazi, ombi hilo linaonekana jepesi kuliko yote. Injini haiguswi, viti ni vile vile, bati ni lile lile. Kinachobadilishwa ni ngozi ya juu tu, nayo ni nyembamba mno. Rangi yote ya gari jipya, kuanzia kwenye bati hadi uso unaong'aa, ina unene wa takriban mikroni 100 hadi 130, unaokaribiana na unene wa unywele mmoja wa mtu. Katika wembamba huo mmekutana kemia, umeme, joto, hewa na mikono ya watu wengi, na rangi moja mpya huwagusa wote.

Barabara ya Endiinzi, mji mdogo wa wilaya ya Isingiro nchini Uganda ulio jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, inaonyesha jinsi rangi za pekee zilivyo adimu. Land Cruiser za mashirika ya misaada ni nyeupe. HiAce za abiria ziendazo Mbarara nyingi ni nyeupe pia, zimezungushiwa mkanda wa miraba ya buluu na nyeupe unaotambulisha teksi za Uganda. Magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani ni ya rangi ya fedha, ya kijivu, meusi, na meupe tena. Si kwamba watu wa huku hawana jicho la rangi. Ankole ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na mfugaji wa hapo hutaja ngozi za mifugo wake kwa majina mengi kuliko yaliyomo kwenye orodha ya muuza magari yeyote. Inayosifiwa kuliko zote ni bihogo, wekundu wa kahawia uliokolea, ambao juani huwaka kama kaa la moto na kivulini hukaribia weusi. Na ichukuliwe kwamba mfugaji mmoja wa Endiinzi ataka gari lenye rangi ya bihogo wake. Ombi hilo likifuatwa hatua kwa hatua, ufundi wote uliofichwa chini ya rangi ya gari hujitokeza.

Zamani za magari ya kwanza, ombi la namna hiyo halikuwa la ajabu. Gari lilipakwa jinsi mikokoteni ya matajiri ilivyopakwa: vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingojewa ikauke na kusuguliwa, na kazi ikachukua majuma. Mwenye fedha alichagua alichotaka kwa kuwa kila gari lilipakwa peke yake. Utengenezaji wa wingi ndio uliofunga mlango. Ford Model T, iliyoanza mwaka 1908 ikiwa na rangi kadhaa, ilitolewa nyeusi tu kuanzia 1914 hadi 1925, kwa sababu rangi moja isiyobadilika ilikuwa rahisi, imara na ya gharama ndogo. Mlango ukafunguliwa tena na rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, iliyokauka kwa saa badala ya majuma, ambayo General Motors waliitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Jina hilo halijafa. Katika maduka ya rangi ya Afrika Mashariki wapo mafundi wanaoita duko rangi yoyote ya gari inayokauka haraka. Tangu hapo viwanda vimeishi kati ya tamaa mbili zinazovutana: mnunuzi anataka tofauti, na mashine inataka mfanano.

Kazi ya kwanza ya agizo la pekee haifanyiki kwenye chumba cha kupulizia. Hufanyika maabara, na huanza kwa swali ambalo mnunuzi hajalifikiria: rangi ya bihogo ni ipi hasa? Unywele wa ng'ombe hurudisha mwanga kwa mstari, kufuata ulalo wake. Ubavu unaoonekana mwekundu kutoka mbele huonekana mweusi kutoka nyuma. Rangi ya gari haina nywele. Mtaalamu hana budi kuutafuta mgeuko huo kwa njia nyingine, naye hupima sampuli kwa chombo kinachotazama kutoka pembe kadhaa, kuanzia karibu kabisa na mng'aro hadi mbali nao, maana namba ya pembe moja haitoshi kuieleza rangi inayobadilika mtazamaji anapotembea kuizunguka.

Kisha huchaguliwa chembe za rangi. Wekundu wa kahawia ulio rahisi kupatikana ni oksidi ya chuma, na ni jambo la kufurahisha kwamba ndiyo hiyo hiyo inayoupa udongo wa Isingiro wekundu wake. Vumbi linalolipaka gari njiani kutoka Endiinzi na rangi iliyo chini ya vumbi hilo zaweza kuwa ndugu wa damu moja. Oksidi hii ni imara, jua haliiwezi, na hufunika vizuri kilicho chini yake. Lakini ikiwa na chembe za ukubwa wa kawaida hutoa wekundu mfu, usio na kina, wa ukuta au wa paa la mabati. Ili mwanga upite na kurudi, oksidi hutengenezwa kwa chembe ndogo mno kiasi kwamba zinakuwa angavu. Juu yake huongezwa kwinakridoni, jamii ya chembe nyekundu iliyoingia sokoni mwaka 1958 na kuvipa viwanda wekundu usiofifia upesi. Huongezwa weusi wa kaboni kidogo. Na huongezwa vipande vya mika vilivyovikwa oksidi ya chuma, ambavyo ndivyo vitakavyowaka juani. Kila kiungo kinavuta upande wake. Ukiongeza weusi kidogo kupita kiasi, mika huzimika. Ukiongeza mika, rangi huanza kumetameta na kuonekana ya mapambo, nayo bihogo haimetameti.

Upo mtego mwingine unaowakamata hata wazoefu. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa chembe tofauti zaweza kufanana kabisa adhuhuri, zikatengana jioni chini ya taa. Macho hupokea jumla ya mwanga, hayaoni viungo vyake. Taa ikibadilika, viungo hujifichua. Kwa hiyo sampuli hukaguliwa chini ya mwanga wa aina zaidi ya mmoja, na mchanganyiko uliopendeza dirishani hukataliwa kwa sababu ya balbu.

Rangi ikishapendeza, inabaki kuthibitishwa kwamba itaishi. Vibao vilivyopakwa hupelekwa kusini mwa Florida, Marekani, ambako jua kali na unyevu hukutana, vikaachwa nje kwa miaka. Vingine huwekwa ndani ya mashine zenye taa na mvuke zinazoharakisha uchakavu. Hupigwa kokoto, hukwaruzwa, humwagiwa kemikali. Majaribio haya yanaihusu Isingiro kuliko wanavyofahamu wanaoyafanya. Wilaya hiyo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, juu ya nyanda zilizoinuka, ambako miale ya jua hushuka wima; na barabara ya murram hurusha mawe madogo kwenye kingo za milango na mbele ya boneti siku zote za mwaka. Rangi ambayo ingedumu miaka 15 katika mji wenye mawingu yaweza kuanza kubabuka huku mapema zaidi. Kiwanda kinapomwambia mnunuzi asubiri miezi, sehemu ya subira hiyo ni hofu ya haki: gari likibabuka, lawama haitakuwa ya aliyeichagua rangi.

Ndipo rangi iingie kiwandani. Bodi tupu ya bati huoshwa, huvikwa fosfeti ili rangi ishike, kisha huzamishwa nzima ndani ya birika la rangi ya maji na kupitishiwa umeme wa volti mia kadhaa. Umeme huivuta rangi hadi kwenye pembe za ndani ambazo hakuna bunduki ya fundi inayozifikia. Njia hii, iliyokuzwa Ford na George Brewer na kuanza kutumika miaka ya 1960, ndiyo sababu kubwa ya magari ya leo kutooza kwa kutu upesi kama ya babu zao. Bodi huokwa kwa joto la nyuzi 160 hadi 180. Hufuata praima, inayosawazisha uso na kupokea pigo la mawe. Kisha tabaka la rangi yenyewe, ambalo kwa kawaida halizidi mikroni 20. Na mwisho klia, tabaka angavu lenye unene wa mikroni 40 au 50, linalobeba mng'aro wote na kulikinga tabaka la chini dhidi ya jua. Mtu anaposifu rangi ya gari, anasifu kitu ambacho ni chini ya sehemu moja ya tano ya unene anaoutazama.

Rangi ya bihogo itaanza kusumbua kwenye praima. Wekundu ulioundwa kwa chembe angavu haufuniki. Kilicho chini yake huonekana. Juu ya praima ya kijivu kilichokolea utaonekana wa baridi, juu ya nyekundu utaonekana wa joto. Ikiwa kiwanda kina praima za rangi mbili tatu tu, mchanganyiko uliopendeza maabara utabidi urekebishwe ufuate mojawapo.

Kisha kuna mabomba. Kila rangi ya orodha ina tangi lake na bomba lake, na rangi huzungushwa humo usiku na mchana ili chembe zisitue chini. Mfumo huo unahitaji mamia ya lita kabla hata tone moja halijafika kwenye gari, na gari moja linahitaji lita chache. Rangi ya pekee haiwezi kupewa bomba. Huletwa kwenye chombo kidogo, huunganishwa na roboti kwa njia ya pembeni, na kabla na baada yake njia yote husafishwa kwa kiyeyushi, maana mabaki ya rangi iliyopita yanatosha kuliharibu paa zima. Roboti hapulizi kama mtu apulizavyo. Ana kikombe kidogo kinachozunguka mara 30,000 hadi 60,000 kwa dakika na kuipasua rangi kuwa ukungu, na ukungu huo hupewa chaji ya makumi ya maelfu ya volti ili uvutwe na bati. Kasi, chaji, wingi wa rangi na upana wa ukungu vimepangwa kwa kila rangi ya orodha baada ya majaribio mengi. Kwa rangi mpya, kurasa hizo zote ni tupu. Lazima zijazwe upya, na zijazwe tofauti kwa boneti iliyolala na mlango uliosimama, kwa sababu rangi hiyo hiyo kwenye boneti hutulia na kwenye mlango huelekea kuteleza, na mika zake hulala kwa namna mbili.

Mazingira ya chumba nayo ni sehemu ya rangi. Hewa huchujwa na kushushwa polepole kutoka darini, joto na unyevu vikishikwa ndani ya mipaka myembamba. Wafanyakazi hukatazwa vipodozi vyenye silikoni, kwani chembe yake moja ikitua kwenye bati, rangi huikimbia na kuacha kitundu cha duara. Na viwanda vingi vyenye mashine za mabilioni vimefuta vumbi la mwisho kwenye bodi kwa roli za manyoya ya mbuni, ndege ambaye Waganda humwona Kidepo. Manyoya yake hushika vumbi bila kukwaruza, na kwa muda mrefu wahandisi hawakupata kilicho bora zaidi.

Baada ya bati, plastiki. Bampa, vifuniko vya vioo vya pembeni na mara nyingine vishikio vya milango havivumilii joto la nyuzi 140 linalooka klia; huokwa kwa takriban nyuzi 80, kwa rangi yenye viambato vya kuifanya inyumbuke, mara nyingi katika kiwanda kingine, pengine katika mji mwingine. Lazima vikutane na bodi kwenye mstari wa kuunganishia na kuonekana vimezaliwa pamoja. Kwa rangi ya orodha, pande zote mbili zimezoeana kwa miaka. Kwa bihogo, mwenye kiwanda cha bampa anaiona rangi hiyo kwa mara ya kwanza, naye hutakiwa kutengeneza bampa mbili tu. Kwenye magari mapya yenye rada nyuma ya bampa, ya kupimia umbali wa gari la mbele, kuna sharti jingine tena: vipande vya alumini vilivyomo kwenye rangi za metaliki huzuia mawimbi ya rada, hivyo rangi inayopendeza macho yaweza kulipofusha gari. Mika ina nafuu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua kwa bihogo.

Tatizo kubwa kuliko hayo yote halionekani kwa macho, nalo ni mpangilio. Kiwanda hupanga magari kwa foleni, na viti, nyaya na matairi ya kila gari huletwa kwa zamu yake. Bodi nyeupe ikionekana ina kasoro, nyingine nyeupe huchukua nafasi yake na kazi huendelea. Bodi ya bihogo ikiwa na kasoro haina mwenzake. Hurudishwa, husuguliwa, hupakwa upya, na sehemu zote zilizotengenezwa kwa jina lake hukaa zikiingojea. Gharama ya rangi ya pekee inayomshangaza mnunuzi imo humo zaidi kuliko ndani ya kopo la rangi.

Mwaka 2011 ulimwengu ulionyeshwa jinsi minyororo ya ugavi wa rangi ilivyo dhaifu. Tetemeko la ardhi na tsunami vya tarehe 11 Machi vilisimamisha kiwanda cha kampuni ya Merck ya Ujerumani kilichoko Onahama, kaskazini-mashariki mwa Japani, na hapo ndipo peke yake palipokuwa pakitengenezwa Xirallic, chembe za oksidi ya alumini zinazozipa rangi mng'aro wa kioo. Kwa majuma kadhaa Ford waliwazuia wauzaji kuagiza rangi fulani nyeusi na kupunguza baadhi ya nyekundu, na Chrysler nao wakabana rangi kadhaa. Magari yalikuwepo, injini zilikuwepo. Kilichokosekana ni unga.

Kampuni zinazokubali maagizo ya pekee zimejenga utaratibu kuyazunguka matatizo haya. Porsche wana orodha ya nyongeza ya rangi zaidi ya 100 zilizokwisha kuthibitishwa, na kwa anayetaka kitu kisichomo hata humo, huchukua sampuli yake na kuifanyia uchunguzi wa miezi kabla ya kusema ndiyo au hapana. Rolls-Royce hutaja hazina ya rangi 44,000, na magari yao ni machache kiasi kwamba kila moja laweza kungojewa. Bihogo wa Endiinzi angekubaliwa huko. Bei ndiyo ingemrudisha mwenyewe nyumbani.

Afrika Mashariki ina viwanda vyake, na vina hesabu yake. Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na Thika, kwenye Kenya Vehicle Manufacturers, magari huunganishwa kutoka vifurushi vya sehemu zilizoletwa kutoka nje. Jinja, Kiira Motors hutengeneza mabasi ya umeme ya Kayoola. Katika viwanda vya kuunganisha, idadi ni ndogo na rangi chache huokoa fedha. Mahali ambapo agizo la pekee limekuwa desturi si kwenye magari madogo, ni kwenye mabasi. Wajenzi wa bodi wa Nairobi kama Labh Singh Harnam Singh na Master Fabricators hupokea chesisi tupu na kuijengea bodi kwa mkono kwa ajili ya mteja mmoja, naye mteja huja na rangi za kampuni yake, michirizi yake, maandishi yake. Huko hakuna bomba la kubadilisha wala foleni ya kuvuruga. Matatu za Nairobi zimekuza ufundi huo hadi ukawa sanaa ya mji, na hata sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004, iliyotaka magari ya abiria yawe na mkanda wa manjano, haikuuzima.

Mfugaji wa Endiinzi, kama wengi, atanunua gari lililotumika Japani, lisilozidi miaka 15 kama sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inavyotaka, na atalipeleka kwa fundi wa rangi Mbarara. Hapo ufundi wote uliogawanywa kiwandani kati ya mkemia, mpimaji, mpanga roboti, msafisha hewa na mkaguzi huingia ndani ya mtu mmoja na msaidizi wake.

Kazi ya kila siku ya fundi huyo si kubuni rangi mpya, ni kuifuata iliyopo, na hiyo ni ngumu zaidi. Gari la Toyota lina kibao cha chuma chenye namba ya rangi: 040 ni nyeupe ya kawaida, 1F7 ni ya fedha, 070 ni nyeupe ya lulu. Asiyejua hudhani namba ndiyo jibu. Namba ni mwanzo tu. Kiwanda kilichotengeneza gari hilo kilikuwa na mpotoko wake mdogo, mwaka ule ulikuwa na kundi lake la chembe, na baada ya hapo jua limefanya kazi kwa miaka kumi. Watengenezaji wa rangi za ukarabati huweka matoleo kadhaa ya namba moja, mengine yakielekea manjano, mengine yakielekea buluu. Fundi huanza na namba, huchanganya kwa mizani inayosoma sehemu za gramu, hupulizia kibao cha jaribio, hukikausha, hukipiga klia na kukipeleka nje kando ya gari. Hukitazama uso kwa uso, kisha kwa kukiinamisha. Mabishano yake na mteja hutokea hapo, na fundi mwema huyaruhusu yatokee kabla ya kazi badala ya baada yake.

Ya fedha, ambayo wengi huiona ya kawaida, ndiyo inayompambanua fundi. Rangi hiyo hiyo kutoka kopo hilo hilo hubadilika kwa mkono. Ikipulizwa nyevu, vipande vya alumini hupata muda wa kuzama na kulala ovyo, na mlango huonekana mweusi zaidi. Ikipulizwa kavu, hulala bapa karibu na uso na mlango hung'aa kupita wenzake. Umbali wa bunduki, kasi ya mkono, presha ya kompresa, wingi wa thina, joto la saa hiyo: kila kimoja kinaigeuza rangi bila hata tone la rangi nyingine kuongezwa. Nyeupe ya lulu ni kali zaidi, kwa maana ina tabaka tatu, na idadi ya mapito ya tabaka la katikati ndiyo rangi yenyewe. Pito moja la ziada, na mlango umekuwa wa gari jingine. Kwa hiyo fundi hafanyi ubishi na maumbile. Badala ya kuikata rangi kwenye ukingo wa mlango uliogongwa, huipunguza polepole kuingia kwenye mlango wa jirani, jicho likose mahali pa kusimama na kulinganisha.

Kabla ya hayo yote kuna kazi isiyosifiwa, nayo ndiyo robo tatu ya matokeo: kunyoosha bati, kujaza fila, kusugua kwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini wa maji. Mkono hutambua bonde ambalo jicho halijaliona, na fundi mzoefu hupitisha kiganja akiwa ameangalia kando. Rangi haifichi kitu. Klia inayong'aa hutangaza kila kosa la msasa.

Kwa bihogo kamili, gari lote huvuliwa mpira, taa na vishikio, kwa kuwa mistari ya rangi ya zamani kwenye kona za milango ndiyo inayofichua kazi ya haraka. Fundi hana manyoya ya mbuni wala hewa inayoshuka kutoka darini. Ana sakafu aliyoimwagia maji kulaza vumbi, turubai, na akili ya kuchagua saa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huleta vumbi jekundu la barabara. Mvua za Oktoba huleta unyevu unaoipofusha klia na kuifanya kama maziwa. Wengi hupendelea asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka. Wale wenye chumba cha kupulizia chenye feni na tanuri hutoza zaidi, na wanastahili.

Hatari ya kazi hii haina budi kutajwa waziwazi. Hadena, yaani kigumishi kinachochanganywa na rangi za kisasa, ina isosianeti, kemikali inayoweza kumtia mtu pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Barakoa yenye kichujio cha kaboni ni chombo cha kazi sawa na bunduki yenyewe, na gereji inayomnyima mwanafunzi barakoa inamfundisha ufundi kwa gharama ya mapafu yake. Miongoni mwa mafundi wa Nakivale na Mbarara wako vijana waliotoka Kongo na Burundi, wanaojifunza na kufundishana kwa Kiswahili. Ufundi huu ni mojawapo ya mali chache ambazo mtu huvuka nazo mpaka bila kuulizwa. Usipotezwe kwa kukosa kichujio.

Kwa fundi huyo huyo, miraba ya teksi nayo ni somo la uvumilivu. Mkanda unaoizunguka HiAce hupimwa kwa uzi na rula juu ya bodi isiyo bapa popote, yenye mlango unaoteleza na vifuniko vya tangi, na mraba wa mwisho lazima ukutane na wa kwanza bila kubaki nusu. Utepe wa karatasi hubandikwa, buluu hupulizwa, na utepe hubanduliwa kabla rangi haijakomaa ili ukingo usichanike.

Gari la bihogo likitoka, lazima mwenyewe apeleke taarifa ya kubadilisha rangi, kwa sababu kadi ya usajili hutaja rangi na askari kizuizini huitazama. Klia ya hadena hukauka kwa kuguswa ndani ya saa, lakini huendelea kukomaa kwa majuma. Muda huo gari halipigwi nta wala haliachwi na kinyesi cha ndege, ambacho kwa joto la huku huacha alama ndani ya siku moja. Vumbi la murram huoshwa kwa maji mengi kwanza, halifutwi kavu, maana kitambaa kikavu na mchanga ni msasa. Fundi mwangalifu huandika mchanganyiko wake kwa gramu kwenye daftari, pamoja na jina la rangi ya msingi, idadi ya mapito na namba ya gari, na humkabidhi mteja kopo dogo la rangi iliyobaki, limefungwa vizuri na kuandikwa tarehe. Hakuna kiwanda chenye namba ya rangi hiyo. Siku mlango utakapogongwa sokoni Endiinzi, daftari hilo na kopo hilo ndivyo vitakavyoanzisha kazi.